Naomba ushauri: maana ya jina la mwanangu inabadilika kila ninapotafuta

Wapendwa, tunatarajia mtoto wa kiume baada ya wiki tano. Nyuma ya kalenda ya ukutani niliandika majina saba, matano yamekwisha kukatwa, na yaliyobaki ni Liam na Cameron. Kila ninaposoma mtandaoni, huku naambiwa Liam ni "shujaa mlinzi", kule naambiwa ni "nia", na kuhusu Cameron nimekuta maneno yaliyonishtua: "pua iliyopinda". Nisingependa mwanangu aje kuniuliza maana ya jina lake nami nibaki nikimeza mate. Tena jina la ukoo wa baba yake ni Haddad, na chimbuko lake silijui. Naomba mnieleweshe.

Mchangiaji wa kwanza
Hongera sana, dada. Liam ni kifupi cha Uilliam, yaani William kwa Kiayalandi, na William lina asili ya Kijerumani cha kale: "wil" ni nia, "helm" ni chapeo, ile kofia ya chuma ya vitani. Wazee wa lugha hizo waliunganisha maneno mawili yenye heshima bila kukusudia yaunde sentensi, kwa hiyo "shujaa mlinzi" ni pambo lililoongezwa baadaye. Kuhusu Cameron, hukudanganywa. Katika Kigaeli cha Uskoti "cam" ni kupinda na "sròn" ni pua; ilikuwa lakabu, ikawa jina la ukoo, kisha watu wakaanza kuwapa watoto kama jina la kwanza. Campbell nalo ni mdomo uliopinda, na wanaolibeba hawalionei haya.

Mchangiaji wa pili
Haddad ni Kiarabu, maana yake mhunzi, kutokana na "hadid", chuma. Kwa kuwa kila jamii ilimhitaji mtu wa kufua majembe na visu, kazi hiyo imeacha majina ya ukoo karibu kila mahali: Smith kwa Waingereza, Schmidt kwa Wajerumani, Kowalski kwa Wapolandi, Ferrari kwa Waitalia. Ni jina la kujivunia, dada yangu.

Mchangiaji wa tatu
Ushauri wangu ni kwamba usianze na maana, anza na lugha, kwa sababu majina mawili yanaweza kufanana kwa herufi na yasiwe na undugu wowote. Said ni mwenye heri, ilhali Sayyid ni bwana, na mizizi yake katika Kiarabu ni tofauti kabisa. Ukurasa usiotaja lugha ya asili wala maneno yaliyounda jina, uache. Kisha litamke jina lote kwa sauti, la kwanza pamoja na la ukoo, mara kadhaa.

Mwenye uzi
Nawashukuru kwa moyo wote. Nimemsomea mume wangu, akanyamaza kidogo, akasema, "Chapeo ya chuma, na babu zake wahunzi," kisha akachukua kalamu na kulikata Cameron. Limebaki swali moja: kwenye cheti tuandike Liam au William?

Mchangiaji wa kwanza
Mimi ningeandika William. Nyumbani mtamwita Liam tangu siku ya kwanza, na akikua atachagua mwenyewe atumie lipi, bila kulazimika kubadilisha hati yoyote.