Kit Mikayi: vile vinyama visivyo na mkia ni nini?

Mama Tito, Kondele
Habari zenu. Jumamosi tulipanda matatu ya Bondo na watoto, tukashuka Kit Mikayi, yale majabali marefu karibu na Kisumu. Mawe nilishayaona kwenye picha, ila picha haikuambii kwamba utapita ubavuubavu kati ya jabali na jabali huku mkoba umeukumbatia. Tulipotokea juu, upande wa jua, tukakuta vinyama vya kahawia vimejilaza vinaota jua. Ukubwa wa sungura, masikio mafupi, mkia hakuna kabisa. Tito akasema ni panya. Kimoja kikatoa mlio mkali, mara vyote vimezama kwenye ufa. Na hapo jiwe lina michirizi myeupe utadhani limemwagiwa chokaa. Mwenye boda aliapa ni mavi ya ndege, lakini ndege gani huyo? Nataka kurudi, niende saa ngapi niwaone vizuri?

JaSeme
Mama Tito, hao ni pimbi. Sisi tuliokulia huku tumewafukuza sana tukichunga ng'ombe, na hatukushika hata mmoja. Siri iko miguuni: nyayo zao ni laini, hazina manyoya, na hutoa unyevu unaozishikisha kwenye jiwe. Pale ulipopanda kwa magoti, yeye anapita mbio. Tena si panya, mwambie Tito. Ndugu zao wa karibu ni tembo na nguva. Mmoja akipiga miayo, tazama meno mawili ya mbele juu: yamechongoka, na hayaachi kukua.

Huo weupe ni mkojo! Pimbi wana choo chao, hukojoa palepale miaka nenda miaka rudi, na mkojo wenyewe una madini ya chokaa yanayobaki ukikauka. Huyo wa boda alikosea mnyama tu. Aliyelia alikuwa zamu. Wenzake wakila au wakiota jua, yeye anaangalia tai na nyoka.

Mtembezi wa Ziwa
Usiende alfajiri. Mwili wa pimbi haushiki joto vizuri, kwa hiyo hawatoki mpaka jua lifike kwenye jiwe. Saa mbili, saa tatu asubuhi, kaa kimya mahali pamoja. Adhuhuri jiwe linachoma, wanarudi nyufani. Na alasiri mvua zetu hizi unazijua. Graniti ikilowa inateleza vibaya. Raba, si sandali. Kelele pia mpunguze, maana waumini wa kanisa la Legio Maria na wengine huja kusali na kufunga mapangoni.

Mama Tito, Kondele
Asanteni. Habari ya tembo Tito ameikataa katakata. Na yule mjusi wa kichwa chekundu, mwili wa buluu, aliyekuwa akipiga pushapu?

JaSeme
Dume huyo, anawaonya madume wengine wasikanyage kwake. Jike ni wa kahawia, pengine mlimpita bila kumwona. Hana sumu, ila ukimshika atauma.