Nina miaka 48, nataka kununua farasi wangu wa kwanza. Nishaurini

Binti Meru:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Usa River, watoto wameshakua wako vyuoni. Toka mwaka jana najifunza kupanda farasi kwa jamaa mmoja mwenye zizi huku kwetu, yaani nikishuka pale mgongo unauma lakini kichwa kimetulia kabisa. Sasa kuna mtu Nairobi anauza farasi aliyestaafu mbio za Ngong, dume aliyehasiwa, miaka 5, bei haifiki hata ya bodaboda mpya. Nina eka moja na nusu ya majani, maji ya mfereji yapo, na kijana anayeangalia ng'ombe yupo. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa, eti farasi halimi, hakamuliwi, haliwi. Nichukue au niache? Uzito kilo 86, msinicheke.

Saisi Mstaafu:
Hongera mama. Nimefanya usaisi, yaani kutunza farasi, mazizi ya Karen na Ngong huko Nairobi miaka mingi. Farasi wa mbio akishastaafu anauzwa rahisi kwa sababu mwenyewe anakimbia gharama za kumlisha. Hao wanaanza mbio wakiwa na miaka 2, kazi anayoijua ni kukimbia tu, ukimgusa kwa kisigino anadhani geti la kuanzia mbio limefunguka. Kubadilika wanabadilika, nimeona waliotulia mpaka wakabeba watoto, ila hiyo ni kazi ya mtu mzoefu na inakula miezi, sio ya mwanafunzi. Tafuta farasi mzee wa miaka 12 hadi 15 aliyezoea mbwa, pikipiki na makelele. Tena piga hesabu, farasi akitunzwa anafika 25 hata 30, huyo wa miaka 5 wewe ukiwa na 68 bado anasubiri umlishe. Na mpakani Namanga hapiti bila vibali vya mifugo.

Dokta Kupe:
Bei ya kununua unalipa mara moja, shida ni kinachofuata. Anakula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, maji lita 30 na zaidi joto likikaza, kwato zinachongwa kila wiki 6 hadi 8, meno yanaangaliwa kila mwaka. Eka moja na nusu kiangazi haikufikishi popote, utanunua marobota.

Halafu huyo kijana wa ng'ombe afundishwe upya kabisa. Pumba ya mahindi iliyoota ukungu inaweza kuharibu ubongo wa farasi. Chakula cha kuku au ng'ombe kilichotiwa monensin (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo), kuku anakula na ng'ombe anakula hawana neno, farasi kinamuua moyo hata akila kidogo, kwa hiyo ndoo zisichanganywe wala magunia yasikae stoo moja. Akianza kugaagaa na kujitazama tumbo ujue tumbo linamuuma, usisubiri kukuche, farasi hawezi kutapika, piga simu saa hiyo hiyo. Na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, hapo ni chanjo kila mwaka na usiku alale bandani.

Kilo 86 sio mbaya. Wengi wanasema mzigo usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani wewe pamoja na tandiko. Hao wa mbio wengi wako kilo 450 mpaka 500, kwa hiyo uko mpakani. Ila kabla ya yote, daktari aliyewahi kutibu farasi unaye? Yuko mbali kiasi gani? Kama huna jina la kunitajia usinunue.

Chapa Ilale:
Hahaha mzee wako yuko sahihi. Hiyo hela ongeza ng'ombe wa maziwa.

Binti Meru:
Chapa Ilale ng'ombe ninao. Na huyo mzee ana pikipiki kubwa imelala gereji, nayo hailimi wala haikamuliwi.

Nyasi Ndefu:
Mimi nilianza nikiwa na 46, huku West Kilimanjaro. Sikununua, nilielewana na mwenye farasi nachangia nusu ya matunzo na nina siku zangu za kupanda, kiangazi kikija unaona bili ya nyasi kwa macho yako halafu ndo unaamua kama unataka kuendelea. Umri sio kesi, ila panda kwa ngazi au jiwe, magoti yatashukuru na mgongo wa farasi pia, na helmeti usiivue hata kama unazunguka zizi tu, sisi mifupa yetu haiungi kama ya watoto. Usimweke peke yake, atatembea kwenye uzio kutwa nzima na kukonda. Hata punda anamfaa.

Binti Meru:
Asanteni sana. Wa Nairobi namwacha. Nitaongea na mwenye zizi kuhusu kuchangia, ana jike la miaka 14 mpole kweli, na daktari wake nitaomba namba. Dokta, huko mbele nikija kumleta nyumbani, punda wa jirani naweza kumweka naye?

Dokta Kupe:
Unaweza, ila umpe dawa ya minyoo kwanza. Punda anabeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa, farasi akiipata ndo anakohoa. Na dozi usikisie kwa macho, mpime uzito.