Naomba ushauri: majungu ya kazini yananimaliza

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mtwara, mwaka wa 6 sasa.

Tangu msimu wa korosho uanze kuna maneno kwamba nilimwongezea alama binti mmoja kwa sababu nilionekana naye Mikindani. Binti huyo namsimamia utafiti wake kuhusu wanawake wanaobangua korosho. Siku ile tulikwenda kuhoji watu, na wenzake wawili walikuwepo. Alama zake mtahini wa nje alizipitia akaziacha zilivyo. Hakuna aliyenifuata kuniuliza.

Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakatika. Wale tuliokuwa tunasomeana rasimu za makala wamejitenga, na bila machapisho mtu hapandi cheo. Mke wangu naye kayasikia sokoni. Lakini kinachoninyima usingizi ni wanafunzi. Wakija ofisini na swali nawajibu haraka, mlango wazi, wamesimama. Kuelekezwa ni haki yao, nami nawapunja kwa woga.

Mzee mmoja wa idara ananiambia ninyamaze, yatapita. Rafiki yangu anasema niandike barua kwa mkuu wa idara, nakala chama cha wafanyakazi. Naogopa barua itawafikishia hata wasiojua.

Mliopitia haya vyuoni, mliandika au mlimkabili mhusika ana kwa ana? Na huyu binti, nimkabidhi kwa msimamizi mwingine wakati utafiti uko katikati? Naona nitakuwa namwadhibu yeye kwa kosa ambalo halipo.