Kitabu cha watoto kuhusu Mkwawa: fuvu niliweke au niliache?

KalamuKavu: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina kitabu cha picha cha watoto wa miaka 6 hadi 9, maisha ya Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa ushairi. Vita ya Lugalo nimeimaliza: Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anakuja na mizinga yake, Wahehe wametulia majanini. Inasisimua. Kinachoninyima usingizi ni fuvu lake, lile Wajerumani walilochukua. Mtoto wa darasa la kwanza unamwelezaje? Nisaidieni, muda umebana.

Mzee_Kibao: Fuvu ndiyo stori yenyewe! Mkataba wa Versailles 1919, kifungu cha 246, wakubwa wa dunia mezani na fuvu la Mhehe limo. Mjerumani alipewa miezi 6 alirudishe. Lilirudi 1954! Hiyo miaka 35 usiiache.

Nyanzala: Shule ilitupeleka Kalenga, kwenye makumbusho lilipo hilo fuvu, nikiwa darasa la tano. Wenzangu wanasukumana kwenye kioo, mimi nimebaki nje nakula karanga. Kwenye basi nikalia peke yangu. Hadi leo sijui kwa nini. Karanga zenyewe zilikuwa tamu.

Dada_Mkuu: Muda umebana kwa nini? Na Mkwawa wako anakufaje?

KalamuKavu: Kawaida tu.

Dada_Mkuu: Kawaida ipi? Julai 1898 Wajerumani wamemkaribia, akajiua wasimkamate hai. Tuwekee ulichoandika.

KalamuKavu: Haya.

*Akafumba yake macho,*
*akawa tai angani.*

Na kitabu kiko kwa mchapaji tangu Jumatatu, nakala 500, nusu nimeshalipa. Jamani, ni watoto! Tai siyo uongo, ni ushairi. Shida ni kwamba mchoraji kachora tai anapaa, ukifunua ukurasa, fuvu liko sandukuni. Mwanangu kaniuliza, "Baba, hili ni fuvu la tai?"

Mzee_Kibao: 😂😂😂 Mtoto ana akili kuliko mhariri.

Ustadh_Vina: Macho na angani, vina viko wapi? Mizani nane nane umepata, hongera, lakini mwisho wa mstari umetupa.

MamaWaWatatu: Ndivyo mnavyoharibu kizazi. Babu zetu walitusimulia vifo vyote kando ya moto, tukalala vizuri tu. Mwambie mtoto alikataa kufungwa kamba. Ataelewa.

KalamuKavu: Mama, wewe hukulipa mchapaji.

Dada_Mkuu: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuombewa msamaha.

Chungu_Tatu: Wakuu, hii chai, tena ya maziwa. Mwezi uliopita huyu alikuwa Mafinga anaulizia ugonjwa wa kideri kwa vifaranga wake. Leo mtunzi?

KalamuKavu: Mfugaji haruhusiwi kuandika?

Chungu_Tatu: Weka picha ya jalada.

KalamuKavu: Bando linaisha, nitaweka kesho.

Nyanzala: Kwani wale vifaranga walipona?

KalamuKavu: Walikufa 40.

Chungu_Tatu: Walikufa, au walikuwa tai?