Naomba ushauri: namna ya kuandika habari za Vicki Draves, bingwa wa Olimpiki 1948

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaandaa makala fupi kwa wasichana wa klabu yetu ya kuogelea kuhusu Vicki Draves, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa Mfilipino na mama yake Mwingereza, na ambaye mwaka 1948 mjini London alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu mbili za mchezo uitwao “diving” kwa Kiingereza katika Olimpiki moja: ya ubao unaonesa wa mita 3 na ya jukwaa la mita 10.

Kwanza, mchezo wenyewe niuiteje? Nikiandika “kupiga mbizi”, watoto wa pwani watamfikiria mzamiaji anayetafuta pweza, ilhali huyu anajipindua hewani na kuingia majini kichwa chini, mikono imenyooka. Mimi naelekea kwenye “kujirusha majini”.

La pili linanisumbua zaidi. Kwao San Francisco, ili akubaliwe kufanya mazoezi, ilimbidi aache jina la Manalo la baba yake na kutumia Taylor, la ukoo wa mama. Je, wasichana wa miaka 10 niwaeleze jambo hilo la ubaguzi wa rangi waziwazi, au niwaachie wazazi?

Mwisho, baada ya London aliingia katika maonyesho ya kulipwa, na kanuni za wakati ule ziliwafungia Olimpiki wanamichezo wa kulipwa. Nawaelezaje watoto wanaoona wachezaji wa leo wakilipwa mamilioni? Walimu na makocha, naombeni mnisaidie.