Naomba ushauri: variabo niliyoi-export inakataa kubadilishwa kwenye faili jingine

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Nipo Moshi, najifunza JavaScript (lugha ya kuandikia programu) mwenyewe usiku baada ya kazi. Naandika programu ndogo ya kumsaidia mama kujumlisha kilo za kahawa anazopimia majirani huku Kibosho. Faili lilikuwa moja, likawa refu mno, nikaligawa.

Ndani ya mizani.js nimeandika `export let jumla = 0`, yaani variabo (jina linalobeba thamani) ninayoitoa ili faili jingine liitumie. Kwenye kuu.js nai-import (naiagiza), kisha naweka `jumla = jumla + 48`. Brauza inagoma, inasema nabadilisha thamani ya kudumu. Lakini nimetumia let (inayoruhusu kubadilisha), si const (ya kudumu)!

Tagi ya script ina type="module" (inayoruhusu import) na nafungulia kwenye seva ya laptop yangu, kwa hiyo import yenyewe haina shida. Nikajaribu kuandika fanksheni (kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina) `ongeza(kilo)` humo humo mizani.js, nikai-export. Nikiiita kutoka kuu.js, jumla inapanda, na kuu.js inaiona 48 papo hapo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana nilidhani import inachukua nakala.

Naomba kuelewa mawili. Kwa nini faili linaloagiza linaruhusiwa kusoma tu, wakati mabadiliko linayaona? Na je, nifiche jumla nitoe fanksheni peke yake, au kuna sababu nzuri ya kutoa vyote viwili? Hizi ni kilo za watu, mama anawalipa kwa hesabu hiyo, sitaki ibadilishwe mahali nisipopajua.

Natanguliza shukrani.