Bodi ilipandisha mishahara yenyewe, sasa inatukata makarani kana kwamba tumeiba!

Wakuu, leo nina hasira na sitaficha.

Mimi ni karani katika chama kikuu kimojawapo cha ushirika huku kwenye korosho. Bodi ilikaa ikapitisha viwango vipya vya mishahara, mwenyekiti akasaini muhtasari, mhasibu akaanza kulipa. Mimi nikatoka 600,000 nikaenda 690,000. Hakuna karani aliyeomba wala kughushi chochote. Majuzi wakaguzi wakaibua hoja kwamba viwango vile havikuwemo kwenye makisio (bajeti) yaliyoidhinishwa na mrajis, yaani msimamizi wa serikali wa vyama vya ushirika. Sawa, hoja ni ya haki kabisa, hela ni za wakulima, zinatoka kwenye ushuru wa kila kilo. Ila tazameni walivyoijibu.

Tumepewa barua ya nusu ukurasa: ulizidishiwa mshahara kwa miezi 18, unadaiwa 1,620,000, utakatwa 270,000 kila mwezi. Mchanganuo hakuna. Kuitwa kujieleza hakuna. Mwezi uleule wakakata, mshahara wenyewe ukiwa umerudi 600,000! Ukitoa pia kodi na mchango wa hifadhi ya jamii, nimebaki na 246,000, na hapo benki bado haijachukua rejesho lake.

Halafu hizo 90,000 za kila mwezi sikuzishika zote mimi. Salari slipu ninazo: 9,000 zilienda NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), 16,200 zikaenda TRA (mamlaka ya mapato), mkononi zikafika 64,800. Kwa miezi yote 18, zilizoenda NSSF na TRA ni 453,600, na wanaitaka kwangu pesa ambayo haijawahi kugusa mfuko wangu. Nilipomuuliza mhasibu akasema, "Hayo kamalizane na TRA." Yaani mimi! Anayepeleka PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi si ndiye yeye?

Nimesoma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri anaruhusiwa kurudisha malipo yaliyozidi kwa sababu ya kukosea hesabu. Hapa nani alikosea hesabu? Ule ulikuwa uamuzi, tena wa kikao, wenye saini na mhuri. Wakisema basi tumewatia hasara, kifungu hichohicho kinataka kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi deni limepatikanaje, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 600,000 ni 150,000. Na karatasi ya kukubali kukatwa sijasaini, wala sisaini.

Kinachoniuma zaidi ni meneja aliyekuwepo wakati ule. Amestaafu, kiinua mgongo chake kimepigwa kwa viwango hivyohivyo vipya, hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja. Wajumbe wa bodi waliopitisha wanaendelea kula posho za vikao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inampa mrajis meno ya kuwalipisha viongozi na watendaji waliosababisha hasara, lakini rahisi ni kumkamua karani wa ghalani, hoja ifungwe kabla ya mkutano mkuu.

Kuna mtu hapa aliwahi kupeleka makato ya namna hii CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi? Najua ni siku 60 tangu mgogoro uanze, na zinakwenda. Nataka kujua kama tunaweza kujaza fomu moja makarani wote, au kila mtu ya kwake, na kama wanaweza kuzuia makato ya mwezi huu wakati shauri linasikilizwa. Wa "vumilia tu ndugu" naomba mpite kimya.